Balozi Asiyeamini Sauti

Balozi wetu akipiga hodi kwako, ole wako ujibu "karibu" halafu uendelee kukaa. Sisi wa mtaa ule wa Makambako tulilijua hilo. Ulikuwa unajibu, anagonga tena. Unajibu kwa sauti kubwa zaidi, anagonga tena, safari hii kwa kiganja kizima, mpaka bati la mlango linalia. Ilibidi unyanyuke, uache ulichokuwa unatazama, ufungue na utokeze kichwa. Akishakuona anasema "haya", kisha anaanza kuuliza wengine. Mke wako yuko wapi? Watoto? Yule mgeni wenu wa Mawengi ameshaondoka? Kila mmoja alitakiwa afike mlangoni na uso wake. Ukimwambia mtoto amelala, anakupita, anaingia hadi chumbani, anamgusa mtoto shavu, anatoka bila kuaga.

Alikuwa balozi wa nyumba kumi, ingawa nyumba zenyewe zilishapita kumi siku nyingi na hakuna aliyejisumbua kuzigawa upya. Mabalozi wa mitaa mingine tulikuwa tunawaona kwenye misiba na wakati wa uchaguzi. Wetu tulimwona kila jioni, tangu baridi inapoanza kuuma mpaka ule upepo wa mwezi wa nane unapochoka wenyewe. Alivaa makoti mawili, la juu likiwa la kiume, na kichwani kofia ya sufu aliyoifuma kwa mikono yake na iliyomkaa vibaya. Alikuwa mrefu, hana haraka, na viatu vyake vya mpira tulivisikia kabla ya yeye mwenyewe kufika. Wazazi waliwanyamazisha watoto kwa kuwaambia anakuja. Hata sisi watu wazima, tukivisikia vile viatu, tulijiangalia kama tumekaa vizuri.

Mimi ni fundi wa madishi na ving'amuzi. Nyumba nyingi alizokuwa anazigonga, mapaa yake nilikuwa nimeyapanda mimi. Kwa hiyo asitegemee mtu kwamba nitamsifia tu hapa. Yule mama alinikosesha raha kwa miaka, aliniharibia wateja, na kuna siku nilimchukia kabisa.

Sababu ya kugonga kwake tuliijua wote, kwa sababu hakuificha wala hakuipamba. Alikuwa na mdogo wake wa kike pale Kitandililo, akiishi na mabinti zake wawili. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ile ambayo asubuhi unakuta umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi. Wale wakafanya kama tunavyofanya wote huku: wakawasha jiko la mkaa nje, wakalipepea mpaka moshi ukaisha na mkaa wote ukawa mwekundu, wakaliingiza sebuleni. Wakafunga madirisha. Wakasukuma gunia chini ya mlango kuzuia upepo. Wakawasha televisheni wakakaa.

Balozi akapita jioni ile akitoka shamba, amewabebea viazi. Akapiga hodi. Ndani akasikia mwanamume anabishana na mwanamke, halafu watu wanacheka. Akajua wana wageni. Hakutaka kuwakatiza, akaviweka viazi pale kizingitini, akaenda zake nyumbani. Kesho yake mchana akapita tena. Viazi vilikuwa palepale, na ndani watu walikuwa bado wanaongea.

"Nilisikia watu wanaongea," alikuwa anasema. "Nikajua wazima."

Alilisema hivyo kila alipoulizwa, kwa maneno hayohayo na sauti kavu, na baada yake alikuwa anaomba maji ya kunywa. Hakulia mbele yetu hata mara moja. Lakini tangu wakati huo hakuna sauti iliyopita kwenye mlango akaiamini, hata ya mtu anayemjua, hata ya mtoto anayeimba.

Sisi tulisikitika, tukaenda kuwazika wote watatu, tukarudi, tukawasha majiko yetu. Huku kwetu mtu ameshikilia tangu kwa bibi yake kwamba kibaya ni moshi, na kwamba mkaa ukishawaka wote hauna neno. Balozi alitupigia kelele juu ya hilo mpaka akachoka. Alisema ile hewa inayoua haina harufu wala rangi, na kwamba mkaa ukiacha kunuka ndipo uuogope. Tulikuwa tunamwitikia. Akishatoka tunafunga dirisha, kwa sababu baridi tulikuwa tunaihisi na hewa yake hatukuiona.

Mimi aliniita Fundi, na alilitamka jina hilo kama mtu anayemwita mbuzi aliyeingia shambani. Nikipanda paa, baada ya muda nasikia vile viatu vya mpira chini.

"We Fundi. Huyo naye unamfungia?"

"Amenunua mwenyewe, Balozi. Mimi naitwa tu."

"Najua amenunua. Nauliza hiyo sebule ina dirisha linalofunguka?"

"Mimi nafunga madishi, mama yangu. Sifungi madirisha."

"Basi nipe nyundo."

Na nilimpa, kwa sababu kumnyima ilikuwa tabu zaidi. Mimi juu natafuta mawimbi, yeye chini anang'oa misumari kwenye dirisha la mtu ambaye hajamwomba. Mwenye nyumba anamtazama, ananitazama mimi, hajui amlalamikie nani. Mmoja aliniambia wazi kwamba siku nyingine atamwita fundi wa mjini, maana akiniita mimi anakuja na balozi kama fungu moja. Nyundo zangu mbili zilipotelea kwake. Nilimuuliza, akasema hajui ninaongelea nini, na zote mbili nilikuwa naziona zimening'inia ukutani nyuma yake.

Hicho ndicho kilichonishinda kwa yule mama. Ungependa kumweka upande wa watu wema ukamaliza, naye hakubali. Alikuwa mmbea wa kutupwa. Aliingia vyumbani kwa watu kutafuta watoto, na alichokiona huko alikitoa. Nani halali na mkewe, nani anakula ugali na chumvi huku nje anajidai, nani ameficha chupa chini ya kitanda. Vyote vilifika kisimani kabla ya jua. Alikuwa mzee wa kanisa, na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukifika ibada za katikati ya wiki zilimkosa, na wote tulijua akatafutwe wapi. Hakuomba radhi kwa mtu yeyote kwa jambo lolote. Ukimkasirikia, alikuwa anasubiri tu, na kesho jioni anakugongea kama kawaida ili aone uso wako, uliokasirika au usiokasirika.

Na alipenda mieleka. Kijiwe changu kipo karibu na stendi, na kila mara kuna televisheni moja inayowaka kwa ajili ya kupima. Alikuwa anasimama mlangoni na kikapu chake, anatazama wale wanaume wenye miraba minne wakibwagana, anatikisa kichwa, anasema huu ni upuuzi, na haondoki mpaka uishe. Nilimpa kiti mara nyingi.

"Kaa, Balozi. Hata mimi nakaa."

"Nikikaa nimekwisha."

Hakukaa mbele ya televisheni hata siku moja ambayo mimi niliiona. Alitazama amesimama, mguu mmoja ukiwa nje. Yakianza yale maigizo ya kuchekesha, yenye watu wasioonekana wanaocheka nyuma, alikuwa anageuka na kwenda zake. Mara ya kwanza nilidhani nimemkosea. Nilichelewa kuelewa kwamba ni kile kicheko.

Majira mawili ya baridi aligonga peke yake. Ya tatu akasema kugonga hakutoshi, maana akiwa kwenye mlango wa kwanza hawezi kuwa kwenye wa mwisho. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ghala la mahindi lenye mlango mpana wa mbao, wa pande mbili, wa kupitisha mkokoteni. Akalifagia, akapanga magogo na viti vilivyovunjika, akatangaza kwamba jioni watu waje pale. Kama hawataki kutoka majumbani mwao ili waonekane, basi wakae mahali pamoja awaone wote kwa mpigo.

Masharti yake yalikuwa ya ajabu. Mlango wa ghala haufungwi, hata upepo uwe wa namna gani. Majiko yanakaa kizingitini, nusu nje. Na mtu haji na mikono mitupu. Ukija bila kazi mkononi alikuwa anakurudisha ukaitafute. Kwa hiyo watu walikuja na sufu za kufuma masweta, na majani ya milulu ya kusuka vikapu, na mahindi ya kupukuchua, na mipini ya majembe ya kulainisha kwa kipande cha chupa. Mwanzoni walikuja wachache, kwa aibu na kwa kumwogopa. Tulikaa pale tumejikunyata na mablanketi, kamasi zinatutoka, tunamsema moyoni. Nilikwenda kwa sababu mama yangu alikwenda, na njia ya kurudi ilikuwa na giza.

Mama alikuwa mjane. Tangu baba afariki alikuwa amekuwa mtu wa maneno machache, wa ndiyo na hapana, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuishi na mtu wa namna hiyo. Pale ghalani alianza kwa kupukuchua maharage ya watu wengine. Baadaye akafundishwa kufuma. Sweta lake la kwanza lilikuwa na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, akanipa mimi, nikalivaa, na wateja wangu walicheka hadi machozi yakawatoka. Mama naye alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu hivi kwamba niligeuka kuangalia ni nani.

Ila ikifika saa ya tamthilia, watu walianza kukunja kazi zao. Mmoja anasema mgongo unauma, mwingine ameacha chungu, na ghala linabaki na Balozi na wazee wawili. Alivumilia hivyo kama wiki. Kisha akafanya jambo ambalo mimi kama mtu wa biashara ile nililivulia kofia.

Alikuwa amesimama kwenye milango ya watu kwa jioni nyingi sana, akisubiri wanyanyuke, kiasi kwamba alizijua tamthilia zote bila kuzitazama. Alijua zinakatwa wapi. Zinakatwa pale mtu anapofungua mlango na hatujaonyeshwa aliyesimama nje. Akasema nasi tutatengeneza ya kwetu, na tutaikata hapohapo.

Hakuna kilichoandikwa. Ilikuwa habari ya mama mkwe aliyetoka Ludewa kuja kumsalimia mwanawe kwa wiki moja, akakataa kuondoka. Mama mkwe mwenyewe aliigizwa na Baba Upendo, mpakia mbao mwenye mabega ya kujaza mlango, amejifunga kitenge cha mkewe. Kila mtu aliongeza lake. Mtu akiwa anafuma anainua kichwa na kusema, hapo mkwe aibe ufunguo wa stoo, na Baba Upendo anauiba papo hapo. Akatokea mume aliyekwenda kulima viazi upande wa Kitulo na kurudi na mke mwingine. Akatokea mpiga ramli ambaye alikuwa anasema uongo mtupu isipokuwa mara moja. Pakifika pabaya kabisa, Balozi anapiga makofi mara moja na kusema, "Kesho." Watu wananung'unika, wanamwomba, wanambembeleza kama watoto. Yeye anazima taa ya chemli.

Mama yangu akapewa nafasi ya jirani mchochezi. Nilimsikia kupitia ukutani akijifunza maneno yake, anayasema hivi, anayarudia vile, anajibishana na mtu ambaye hayupo. Nililala nikimsikiliza na nilikuwa na furaha, siwezi kuisema vinginevyo.

Kulikuwa na ugomvi pia, usidhani. Jamaa mmoja alijiona mle ndani, na mke wake wa pili, na viazi vyake, akaja kuvunja magogo. Balozi akamwambia kama si yeye anakasirika nini, na kama ni yeye aje kesho acheze mwenyewe, maana aliyemwigiza hamwezi. Akaja. Alikuwa mzuri kuliko wote.

Majira yale tuliyokuwa na mama mkwe, hakukuwa na msiba wa jiko katika mtaa wetu. Mitaa mingine misiba ilikuwepo, tuliisikia. Balozi akipata habari hiyo hakusema aliwaonya. Aliuliza tu walikutwa vipi, na kama televisheni ilikuwa inawaka. Alikuwa anauliza hivyo kila mara, na jibu lilikuwa hilohilo kila mara, na bado aliuliza.

Vitu vya namna ile havina siku ya kufa. Televisheni zikawa rahisi, za kuning'iniza ukutani, na vijana wakawa nazo mifukoni ndani ya simu. Baba Upendo akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao Mufindi, na mama mkwe wa pili aliyejaribiwa hakuchekesha. Magoti ya Balozi yakaanza kumsaliti. Aligonga milango michache kila jioni, halafu ile ya karibu tu, akishika ukuta. Mimi niliendelea na kazi yangu. Sitasema nilijuta, kwa sababu sikujuta. Ilikuwa kazi halali na niliifanya vizuri. Nilipooa nikahamia ng'ambo ya reli, na kabla ya kuhama nikamfungia mama televisheni kubwa na dishi lililoleta picha safi kuliko yote mtaani.

Balozi alikuja kuliangalia. Alisimama uani akishikilia nguzo ya kamba ya nguo.

"Kwa mama yako mwenyewe," akasema.

"Atabaki peke yake, Balozi. Angalau asikie sauti ndani ya nyumba."

"Sauti atazipata," akasema, akaenda zake. Hakuomba nyundo.

Mwaka huohuo mtoto wake wa kiume akaja na pikapu kumchukua, akakae naye Njombe. Wiki ya mwisho alipita kila nyumba, kwa bakora, akawafungulia watu madirisha yao na kuwaonyesha jinsi yanavyofunguka, kama kwamba hawakuyajua. Ghala likakodishwa kwa mtu wa mbolea, na kwa mara ya kwanza nikauona ule mlango wa pande mbili umefungwa na kufuli. Hakuna aliyechukua kazi yake. Alichaguliwa balozi mwingine, mtu mpole, ambaye unamjibu "karibu" na anafurahi, anapita.

Nilimwona tena mwezi wa saba uliopita. Nilikuwa na kazi Njombe, nyumba ya wageni ilitaka ving'amuzi vyake virekebishwe, nikamaliza alasiri. Baridi ya Njombe ni nyingine, inaingia kwenye meno. Nikasema nimsalimie. Nyumba ya mwanawe ipo kwenye njia ya kwenda mashamba ya chai, nyumba nzuri ya vigae, na niliitambua kwa mbali kwa sababu madirisha yote yalikuwa wazi na mapazia yanapepea nje. Mkwe wake alinifungulia akiwa na masweta mawili na kitenge begani.

"Karibu, Fundi. Huyu mama atatuua na nimonia," akaniambia, lakini alikuwa anatabasamu.

Balozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Alikuwa amepungua sana. Lile koti la kiume lilimzidi kila upande. Lakini macho yalikuwa yaleyale, na yalinishika usoni kabla sijafungua mdomo.

"Kamwene, Fundi. Umezeeka."

"Kamwene, Balozi. Shikamoo."

Akaletewa chai, nami nikaletewa. Akaanza kuniuliza mtaa, nyumba baada ya nyumba, kwa mpangilio ule aliokuwa anagonga. Wale wa kona? Wapo. Yule bwana wa viazi na wake zake? Wapo. Mwalimu mstaafu?

"Wapo wote, Balozi. Wazima."

"Umewaona?"

"Napita pale kila nikienda kwa mama. Taa zinawaka, televisheni unazisikia..."

Nikajisikia nilichosema. Yeye alikuwa ananitazama tu.

"Mama yako?"

"Niliongea naye jana kwa simu."

"Baridi hii jiko analiweka wapi?"

"Ndani, jioni. Upepo wa Makambako unaujua. Lakini anasubiri kwanza moshi uishe."

Nilisema maneno hayo mimi, mbele yake, mimi niliyekaa ghalani miaka yote ile. Balozi akaweka kikombe chini. Akashika kingo za kiti, akajinyanyua, na ilimchukua muda, na mkwe wake akakimbilia kumshika akamsukuma mkono.

"Nenda," akaniambia.

"Namalizia chai, mama. Gari zipo nyingi."

"Fundi. Nenda."

Nilikwenda. Njiani nilijiambia kwamba namtii mzee tu. Nikampigia mama, simu ikaita mpaka ikakata. Nikajiambia ameiacha chumbani. Nikapiga tena tulipoanza kushuka kuelekea Makambako, ikaita, ikakata. Jua lilikuwa linazama na vioo vya gari vilikuwa vimefunikwa na pumzi za watu. Nilianza kuogopa, na nikawa namkasirikia Balozi kwa kunitia hofu.

Nilifika mtaani giza likiingia. Mtaa ulikuwa kimya nje, hakuna mtu njiani, na kila dirisha lilikuwa limefungwa na lina ule mwanga wa buluu unaochezacheza. Nikasimama mlangoni kwa mama. Ndani mwanamume alikuwa anambembeleza mwanamke, na mwanamke anakataa, halafu watu wengi wakacheka.

"Mama," nikaita.

Wakacheka tena. Na nasema kweli, kwa kitambo kifupi nilihisi nafuu. Nilifikiri, kumbe ana wageni.

Nikausukuma mlango. Ulikuwa mzito, kuna gunia chini yake. Sebule ilikuwa na joto zuri, joto la kukaribisha, na jiko lilikuwa katikati, jekundu, halina hata uzi wa moshi. Mama alikuwa kwenye kiti chake, macho yametazama kioo. Nikamwita. Akageuza kichwa taratibu sana, akaniambia kwa ulimi mzito nikae, kipindi kinakaribia kwisha.

Nilimbeba. Sijui nilimbebaje. Uani miguu yake haikumshika, akatapika, akaniuliza mimi ni nani. Nikamlaza kwenye baraza nikamfunika koti langu, nikaruka kwenda nyumba ya kwanza, nikagonga nikiita msaada. Ndani watu walikuwa wanacheka. Nikaenda ya pili, nikagonga. Walikuwa wanacheka kicheko hichohicho, kwa wakati huohuo. Nyumba zote zilikuwa zinatazama kitu kimoja, na nikipiga kelele katikati ya ile njia nilikuwa najisikia mwenyewe tu. Nyumba ya tatu mtu alinijibu kutoka ndani, kwa uchangamfu, "Karibu." Nikagonga tena. "Karibu," akasema. Hakunyanyuka.

Aliyesimama ni kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita barabara kubwa akanisikia. Tulimweka mama katikati yetu, kichwa chake mgongoni kwa kijana, tukaenda hospitali hivyo hivyo, mimi nikimwita jina lake la utotoni, ambalo sikuwahi kumwita.

Walimwekea hewa ya mtungi puani. Muuguzi aliniuliza jiko lilikuwa wapi kabla sijamweleza lolote, na alipoona uso wangu hakuuliza tena. Baada ya muda mama alifumbua macho akasema kichwa kinapasuka. Kisha akauliza nani amezima televisheni. Muuguzi akasema atapona. Nikatoka nje kwenye korido, nikakaa sakafuni, nikalia.

Nikampigia mtoto wa Balozi. Simu haikuwa imeita hata vizuri, akaipokea Balozi mwenyewe. Hakusema haloo.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Balozi. Tupo hospitali. Niliwagongea majirani hawakufungua, nikamleta kwa bodaboda. Amezungumza."

"Sikuulizi kama amezungumza."

"Nimemwona. Nimemshika mkono. Wanasema atapona."

Nikasikia anashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyekuwa amesimama tangu nilipoondoka. Nikataka kumshukuru. Nilikuwa na maneno mengi, ya miaka mingi, na sikujua nianze na lipi.

"Na wengine?" akauliza.

"Wengine nani?"

"Hao uliowagongea wasifungue."

Nilitazama mlango wa wodi, kisha mlango wa kutokea. Nilimwambia ukweli, kwamba sijawaona.

"Basi usikae kwenye simu na mimi," akasema, akakata.